Kijiko cha feza cha koko (bibi yangu) kiligeuka cheusi ndani ya chai. Sumu ao nini?

FezaWaNguba (mwanzisha uzi)

Bandugu wa Bukavu, Goma, Lubumbashi na nyote mnaosoma Kiswahili huko mliko, salamu.

Niko na jambo la familia na ninataka msaada kabla ya mwezi wa nane. Ni refu kidogo, atakayechoka aruke.

Koko wangu mzaa mama alikuwa na kijiko kimoja kidogo cha chai, cha feza. Alikifunga ndani ya kipande cha kitenge na kukibeba kwenye mkoba wake miaka yote niliyomjua. Akikaribishwa chai popote, iwe kilioni, iwe kwenye mahari, iwe kwa padri, kijiko cha mwenye nyumba anakisukuma pembeni kwa adabu, anatoa chake. Anakoroga, anakiinua, anakitazama upande mmoja, anakigeuza. Kikibaki cheupe, anakunywa. Sisi wajukuu tulikua tukijua kwamba feza haivumilii sumu, ikikutana nayo inakuwa nyeusi palepale. Hata jina langu limetoka hapo. Ni yeye aliyeniita Feza.

Mwaka 1989 koko alikwenda Bagira, hapa Bukavu, kumtembelea kaka yake. Wifi yake, yaani mke wa kaka, akaandaa chai. Kijiko kikatoka cheusi. Mama yangu alikuwepo, alikuwa na miaka 14, na anasema haikuwa rangi ya kijivu ya kubahatisha, kilikuwa cheusi kama chini ya sufuria. Koko hakusema neno. Alimwaga chai chini mbele ya watu, akafunga kijiko chake, akatoka. Kuanzia siku ile mpaka alipokufa mwaka juzi hakumsemesha tena wifi yake. Yule mama aliitwa mtu wa karuho mtaa mzima, watoto wakakatazwa kupita mbele ya mlango wake. Mwishowe walihamia Goma.

Sasa mahari yangu ni mwezi wa nane na wajomba wamesema upande ule hauitwi. Kijiko nimerithi mimi. Kwa hiyo nauliza: ni kweli feza inaona sumu? Namtaka mwenye kujua. Wa kuchekesha wapo wa kutosha nyumbani.

Kadutu_Kwetu

Dada, hiyo ni sawa na kuuliza kama mvua inalowesha. Hapa Bukavu hata chupa ya bia ya Primus inafunguliwa mbele ya macho yako, na anayekupa kasiksi (pombe ya ndizi) anaonja kwanza yeye. Unadhani desturi hiyo imetoka wapi? Koko alikuwa na akili kutupita sisi wa simu. Usimwite huyo mama. Ukimwita, usinywe.

Mtanga_Halisi

Samahani wenyeji, mimi niko Tanga. Karuho ni kitu gani?

Kadutu_Kwetu

@Mtanga_Halisi sumu ya polepole. Unapewa leo ndani ya kinywaji ao chakula, hujui. Unaanza kukonda, unakohoa, tumbo linauma, hospitali hawaoni kitu, miezi inapita. Kila familia ya Kivu iko na hadithi yake.

MzeeWaFonderi (Lubumbashi)

Binti yangu Feza, nimefanya kazi miaka 31 kwenye maabara ya madini huku Katanga, sasa niko nyumbani na wajukuu. Nitakujibu, lakini kwanza unijibu wewe:

Siku ile mezani kulikuwa na nini zaidi ya chai? Namaanisha chakula, hata kidogo.

Kijiko kilikuwa cheusi sehemu gani? Kote, ao pale mdomoni tu penye kuchota?

Nyuma ya mshikio kuna alama gani? Tafuta kioo cha kukuzia.

Ukingoja niseme hivi. Feza na oksijeni hawana ugomvi, ndiyo maana haiingii kutu kama chuma. Inachoshindwa kukataa ni salfa. Ikikutana nayo, hata kidogo sana iliyo hewani, ngozi ya juu inageuka kuwa salfaidi ya feza: kwanza inakuwa ya manjano kama chai hafifu, halafu kahawia, halafu nyeusi. Huku Kipushi tulikuwa tunatoa shaba na zinki, na feza ilikuwa imo ndani ya mawe yaleyale, imeshikana na salfa. Chini ya ardhi wanaishi pamoja. Ukiitoa na kuisafisha, yenyewe bado inamtafuta mwenzake.

Mpira una salfa. Kitunguu kina salfa. Sufu ina salfa. Na kuna kitu kingine jikoni ambacho sikitaji sasa, nangoja jibu lako la kwanza.

Birere_Maulidi (Goma)

Assalaam alaykum. Mimi asili yetu Kasongo, tuko Goma tangu baba. Kwetu Waislamu jambo hili lina mlango mwingine kabisa. Kunywa ndani ya chombo cha fedha ao dhahabu kumekatazwa. Mama wa waumini Umm Salama amepokea kwamba anayekunywa katika chombo cha fedha anamimina moto wa Jahannam tumboni mwake, imo kwa Bukhari na Muslim. Kwa hiyo bibi zetu hawakuwa na vijiko vya fedha vya chai, hata waliokuwa na uwezo. Ila pete ya fedha mwanamume anavaa. Na Anas bin Malik ametuambia kikombe cha Mtume kilipopasuka kiliungwa kwa fedha. Wanazuoni wamejadili sana hapo: kiraka kidogo cha haja ni tofauti na chombo kizima cha fahari.

Si kwamba nakuhukumu dada Feza. Naeleza tu kwa nini kwetu hadithi ya kijiko kuona sumu haikuwahi kufika. Hatukuwa na kijiko.

Mtanga_Halisi

Naunga mkono. Huku pwani fedha utaiona kwenye mrashi wa kunyunyizia marashi na kwenye chetezo cha udi, mikononi vikuku, shingoni mikufu. Chai ni birika la kawaida na vikombe vya kauri.

Na halafu, jamani, hivi mmegundua? Kiswahili "fedha" ni madini na ni pesa, na ninyi huko mnasema Kifaransa ambacho nacho "argent" ni vyote viwili. Huyu bibi aliagua pesa ndani ya chai!

FezaWaNguba

@Mtanga_Halisi nilisema wa kuchekesha wapo nyumbani 😅

@MzeeWaFonderi shikamoo. Nimempigia mama. Anasema kulikuwa na chai ya maziwa, mukate na mayai ya kuchemsha. Nyeusi ilikuwa mdomoni mwa kijiko, mshikio ulibaki mweupe. Alama: kuna kisanduku kidogo chenye herufi mbili zilizofutika, na namba 90.

Kwa nini unauliza, mayai yalikuwa na sumu?

MsomaHistoria

Ngoja Mzee ajibu, mimi niingize historia maana hili jambo ni la zamani kuliko tunavyodhani na halikuanzia Afrika.

Herodotus anaandika kwamba Koreshi mfalme wa Uajemi alipokwenda vitani alibebewa maji ya mto Choaspes, yamechemshwa, ndani ya vyombo vya feza, kwenye magari ya kukokotwa na nyumbu. Hakunywa mengine.

China, karne ya 8, Lu Yu, mtu anayeheshimiwa kama baba wa elimu ya chai, alisema sufuria ya feza kwa kuchemshia maji ya chai ni safi kupita zote, lakini akaona ni anasa. Wafalme hawakujali anasa. Mwaka 1987 huko Shaanxi, chini ya hekalu la Famen, walifungua chumba kilichozibwa mwaka 874 wakakuta seti nzima ya chai ya Kaizari Xizong: kinu cha kusagia majani, chekecheke, vyombo vya chumvi, vyote vya feza iliyopakwa dhahabu. Siku hizo chai ilisagwa unga na kutiwa chumvi.

Sasa sumu. Mwaka 1247 hakimu wa Kichina aitwaye Song Ci alieleza jinsi ya kuchunguza maiti inayoshukiwa kulishwa sumu: unachukua kibanio cha nywele cha feza, unakisafisha, unakiingiza kooni, unafunga, ukikitoa kimekuwa cheusi kisichofutika, ni sumu. Na Korea, wakati wa ufalme wa Joseon (1392 hadi 1910), mfalme alikula kwa kijiko na vijiti vya feza kwa sababu hiyohiyo. Tibet wako na bakuli za mti zilizovikwa feza kwa ajili ya chai yao ya siagi, na wanaziamini vilevile.

Kadutu_Kwetu

Umeona! Wachina, Wakorea, Watibeti. Wafalme wote hao ni wajinga, na mzee mmoja wa Lubumbashi ndiye mwenye akili?

MzeeWaFonderi

Kijana wa Kadutu, hawakuwa wajinga hata kidogo. Sumu iliyotawala nyumba za wafalme huko ilikuwa aseniki. Aseniki inachimbwa ikiwa imefungamana na salfa, na zamani waliichoma kienyeji, salfa ikabaki ndani yake. Ukiweka feza pale, inakuwa nyeusi. Feza iliona salfa, ikasadifu kwamba pamoja na salfa kulikuwa na mauti. Lakini aseniki iliyosafishwa vizuri ni unga mweupe, hauna harufu wala ladha, na kijiko cha feza kitakaa ndani yake kinang'aa kama kawaida. Sumu za majani ya porini, dawa za panya, hivyo vyote usitegemee kijiko kikuambie.

Na yule hakimu wa 1247, Mungu amrehemu, maiti inayooza inatoa salfa yenyewe bila msaada wa mtu. Sijui aliwafunga wangapi.

Sasa Feza, jibu lako. Yai la kuchemsha limejaa salfa. Ule mduara wa kijani unaouona kuzunguka kiini likipikwa sana, ni salfa imekutana na chuma cha kiini. Ukikata yai la moto kwa kijiko cha feza, mdomo unaanza kubadilika mbele yako. Mshikio hauguswi na yai, kwa hiyo unabaki mweupe. Ulichonieleza ni picha ya yai, neno kwa neno.

Namba 90 usiifurahie. Si asilimia. Ni hesabu ya kiwanda: gramu 90 za feza zilizogawanywa kupaka vijiko 12 na uma 12. Feza halisi ya Kiingereza ina alama 925, yaani sehemu 925 za feza katika kila 1000, Ubelgiji utakuta 800 ao 835, Ufaransa kichwa kidogo cha Minerva. Chako ni *argenté*, yaani kimepakwa feza juu tu. Ndani ni shaba, nikeli na zinki. Ufundi wa kupaka feza kwa umeme walipata hataza yake Elkington wa Birmingham mwaka 1840, Christofle akanunua haki za Ufaransa mwaka 1842, na tangu hapo nyumba nyingi za Wazungu zilijaa vijiko vinavyofanana na vya wafalme.

Kadutu_Kwetu

Basi kama si feza, hata hiyo hadithi ya yai imeanguka.

MzeeWaFonderi

Haianguki. Yai linagusa ngozi ya juu, na ngozi ya juu ni feza tupu.

NsimbaDhahabu (Bukavu)

Dada kama unataka uhakika wa ndani, peleka kwa mnunuzi yeyote wa dhahabu mjini. Wanapima uzito hewani halafu ndani ya maji, dakika moja. Mwambie mapema huuzi, wasije wakakukunjia uso.

NesiWaHimbi (Goma)

Mimi niseme la hospitali, kwa kuwa karuho naiona kila wiki na nimechoka.

Watu wanakuja kwetu wakiwa mifupa. Wamekaa miezi mitano kwa mganga wa kutapisha, kwa sababu mtu fulani alionekana na sura mbaya siku ya sikukuu. Tunapima. Kifua kikuu. Kisukari. Vidonda vya tumbo. Ini. Virusi. Sisemi hakuna mtu aliyewahi kuwekewa kitu duniani, sumu zipo na binadamu ni binadamu. Ila wengi niliowapokea kwa jina la karuho walikuwa na ugonjwa wenye dawa, na muda waliupoteza wakimtafuta mlozi. Na huyo "mlozi" naye anaishi jirani, anatupiwa mawe usiku.

Kuhusu feza: huku Goma hereni zangu zinageuka kahawia ndani ya wiki chache. Nilipokaa Kisangani zilikaa mwaka. Sijawahi kulishwa sumu na Nyiragongo, ni moshi tu.

MzeeWaFonderi

@NesiWaHimbi ndiyo hiyo. Moshi wa volkano umejaa gesi za salfa. Feza ya Goma inazeeka mapema.

RabatRetour (Bukavu)

Tuache sumu kidogo, tunywe chai. Nilisoma Morocco miaka minne. Kule chai ya nanaa inatoka kwenye buli la chuma linaloitwa *berrad*, linamiminwa kutoka juu mpaka povu linasimama. Mengi yanang'aa kama feza lakini ni ya kupakwa, yale ya feza yenyewe ni ya harusi na ya kabati. Zamani kampuni za Manchester ndizo zilizowauzia. Watuareg wa jangwani wanapenda feza kuliko dhahabu, dhahabu wanaiona ina mkosi.

Ladha? Wajapani wako na birika la feza la kuchemshia maji, wanasema maji yanakuwa laini. Mimi niliwahi kukoroga chai ileile kwa kijiko cha feza cha mwenye nyumba wangu na kwa cha kawaida, sikuona tofauti ya ladha. Tofauti niliiona vidoleni! Kile cha feza kiliniunguza kabla sijamaliza kukoroga.

MzeeWaFonderi

Feza inapitisha moto kuliko metali zote, inaishinda hata shaba. Ukilinganisha na chuma cha pua cha vijiko vya sokoni, ni zaidi ya mara 20. Ndiyo maana mabuli mazuri ya feza yanawekwa mshikio wa mti ao wa pembe. Ladha ni jambo la kila mtu na ulimi wake, lakini chai yako itapoa upesi kidogo.

Dawa_Asili_243

MAJI YA FEZA yanatibu typhoid, vidonda, nguvu za kiume, KARUHO. Feza inaua vijidudu, imethibitishwa. Weka matone kwenye chai kila asubuhi. Njoo inbox.

NesiWaHimbi

Usiende inbox.

Ni kweli feza inaua vijidudu, andiko la Nägeli, mtaalamu wa mimea wa Uswisi, lilieleza hilo tangu 1893. Zamani watoto wachanga walitiwa matone ya chumvi ya feza machoni kuzuia upofu. Leo kuna vichungi vya maji vya udongo vilivyopakwa feza na vinasaidia. Lakini hiyo ni feza kwenye kichungi ao kwenye kidonda. Ukiinywa kila siku inajikusanya mwilini, na ngozi inageuka rangi ya bluu-kijivu, inaitwa ajiria, na hairudi. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikwisha sema maji hayo hayana uthibitisho wa kutibu kitu chochote. Mtu wa typhoid anahitaji antibiotiki na maji mengi.

Dawa_Asili_243

Wivu.

Msimamizi

Tangazo limeondolewa, majibu tumeyaacha. Endeleeni na mada.

MjukuuWaMupishi (Bukavu, Bagira)

Jameni, mimi namwandikia koko yangu mwanaume, macho yake hayaoni vizuri. Nimemsomea uzi wote tangu jana, amecheka mpaka akakohoa. Anasema niandike hivi na nisibadilishe:

"Nilipika kwa wakoloni tangu mji huu wa Bukavu unaitwa Costermansville. Madame wa kwanza alinifundisha mambo matatu siku ya kwanza. Usiguse redio. Chemsha maji mara mbili. Kijiko cha feza kisiingie kwenye yai. Yai lilikuwa na kijiko chake cha pembe. Ukikosea, kijiko kinakuwa kigonjwa, kinakuwa cheusi, na wewe utakaa jikoni unakisugua kwa blanc d'Espagne, unga wa chaki, mpaka jua lizame, na mshahara unakatwa. Sisi wapishi nyumbani tuliwaambia wake zetu hivyohivyo: kijiko hiki ni mwiko, kikiwa cheusi kuna kitu kibaya kimeingia. Hatukusema ni yai. Tungesema yai, watoto wangetuibia mayai ya Madame watujaribie."

Nimemwuliza kama wapishi wengine walisema hivyo. Anasema wote wa Nguba na Muhumba walijuana.

@FezaWaNguba mume wa koko wako alikuwa anafanya kazi gani?

FezaWaNguba

Mupishi.

Nimekaa na simu mkononi dakika nyingi kabla ya kuandika hili neno. Mupishi, kwa mzungu mmoja mwenye shamba. Mzungu aliondoka 1967, wakati mamluki wa Mbelgiji Schramme walipoushika mji, na hakurudi. Vitu vyake vingine viliporwa. Kijiko babu alikuwa nacho mfukoni, mama anasema hakujua hata yeye kwa nini. Alikufa mapema, 1974. Koko alibaki na kijiko na lile neno moja: kikiwa cheusi, kuna kitu kibaya kimeingia.

Kadutu_Kwetu

Eh.

Birere_Maulidi

La haula wala quwwata. Miaka yote hiyo.

Mtanga_Halisi

Naomba nisitanie tena.

MzeeWaFonderi

Binti, usiniamini mimi wala mzee wa Bagira. Jaribu. Chukua yai la moto, kata kwa kijiko, kiache ndani dakika tano. Halafu kukisafisha: tandaza karatasi ya alumini ndani ya sahani, weka kijiko kiguse karatasi, tia bikaboneti kiasi cha kijiko kimoja cha kawaida, halafu maji ya moto. Weusi utaondoka wenyewe, na utasikia harufu ya yai viza. Hiyo harufu ndiyo ushahidi wako: ni salfa inaiachilia feza. Usisugue sana, kimepakwa tu, utafika kwenye shaba.

FezaWaNguba

(Baada ya wiki tatu)

Bandugu, nimerudi. Mnisamehe kimya.

Kwa mnunuzi wa dhahabu: gramu 21.8 hewani, kwenye maji kilipungua 2.5, akapiga hesabu akasema 8.7 na kitu, feza halisi inapita 10. Alinipa pole kama nimefiwa. Mzee wa Lubumbashi ulisema kweli.

Yai: tulifanya jikoni, mimi, mama na wajomba wawili ambao walikuja wakiwa wamekunja mikono. Tulichemsha mayai matatu. Mama ndiye aliyekata. Haikufika hata dakika tano. Alipokiinua kilikuwa kama vile alivyokiona Bagira, mdomo mweusi, mshikio mweupe. Mama alikaa chini kwenye kigoda cha jikoni. Mjomba mkubwa alichukua kijiko, akakinusa, akatoka nje kuvuta sigara, na yeye aliacha sigara tangu mwaka 2011. Mjomba mdogo akasema labda na mayai haya yana kitu, kwa hiyo tukayala yote mbele yake. Yuko mzima mpaka leo, na sisi pia.

Jumamosi mimi na mama tulipanda boti kwenda Goma. Yule mama sasa anapita miaka 78, anaishi na mjukuu wake, miguu imevimba. Alimtambua mama kwa sauti kabla ya sura. Hatukujua tuanzie wapi, kwa hiyo mama alitoa kijiko tu, akakiweka juu ya meza. Alikitazama muda mrefu. Hakuuliza mlikuja kufanya nini. Alisema:

"Yale mayai niliyaazima."

Akaeleza kwamba siku ile nyumbani hapakuwa na kitu. Alisikia wifi yake anakuja, akaona aibu ya mukate mkavu. Akaenda kwa jirani, akaazima mayai manne, akayachemsha. Koko alikuwa mtu wa adabu, hakutaka kumenya na kuuma kama watoto, alitoa kijiko chake akakata yai vipande vidogo, akala, akamsifu. Halafu kwa kijiko kilekile akakoroga chai. Yule mama anasema alikuwa amegeuka kuchukua sukari, aliposikia chai inamwagika alidhani kikombe kimevunjika.

Mayai ya jirani alimlipa baada ya miezi miwili, kwa kumfulia. Na huyo jirani, anasema, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwita mtu wa karuho.

Mama alimweleza habari ya salfa kama alivyoielewa, yaani vibaya, alichanganya na volkano. Yule mama alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, halafu akamwita mjukuu alete chai. Tangawizi kali, ya Goma, na majani ya hapa kwetu Kivu. Hakuna yai. Alikoroga chake kwa kijiko cha koko, akakipitisha kwa mama, mama akakoroga, akakipitisha kwangu. Kiliniunguza kidole, @RabatRetour, ulisema kweli.

Kijiko tumemwachia. Amekifunga kwenye kitenge kilekile. Mahari tarehe haikubadilika, na chai ya asubuhi ya siku ile ataandaa yeye, wajomba wamekubali. Mjomba mdogo ameomba kusiwe na mayai.

NesiWaHimbi

Hiyo miguu iliyovimba, mlete kituoni Jumatatu tumpime presha na figo. Nimekutumia mtaa kwenye inbox.

Kadutu_Kwetu

Dada Feza, nimekosea kusema usimwite. Mahari nami niko, hata bila mwaliko.

MjukuuWaMupishi

Koko anauliza hao wajomba walisafisha sufuria ya mayai na nini. Anasema jibu ni muhimu.

NsimbaDhahabu

Nimefika sasa hivi, sijasoma kurasa za katikati. Kijiko kinauzwa?

FezaWaNguba

Hapana.